Mzee Pankrasi Nungu Anawaaga Wafu Waliosimama

Kabla ya yote nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio. Mimi, Notburga, mwandishi wa vibao vya majina katika Nyumba ya Makumbusho, niliwahi kusema uongo kwa Kijerumani. Kwa Kiswahili sikumbuki kama nimewahi. Kwa Kingoni nilisema mmoja nikiwa mdogo, wa karanga. Lakini huu wa Kijerumani ni mkubwa, umekwishapanda meli ukafika Ulaya, na atakayeumia nao ni mzee yuleyule ambaye leo nimeagizwa kumsifu.

Nitaufikia. Mwalimu Bartolomeo, aliyenipa kazi hii, amesema wasifu huanza na miaka ya kazi na tarehe, hauanzi na dhambi za mwandishi. Akaongeza, "Weka kichekesho kimoja, Notburga. Kimoja tu. Watu wanakuja kuaga, hawaji ngomani." Nimejaribu. Aliyenishinda ni Mzee mwenyewe.

Basi: Mzee Pankrasi Nungu, mtunza miti na mkaushaji wa wanyama, anastaafu kesho, Jumanne, tarehe 31 Machi 1914, baada ya kuitumikia Bustani ya Miti ya Songea kwa miaka kumi na mitano na miezi minane. Alianza Agosti 1898. Mimi nilizaliwa mwezi huohuo, kwa hiyo mimi na kazi yake ni marika, ingawa kazi yake imezaa matunda mengi kuliko mimi.

Neno kustaafu lilimsumbua. Aliponiuliza maana yake nilimweleza kwamba mtu anaacha kazi akiwa bado mzima, anakaa kwake, na waliobaki wanamshukuru.

"Wanakusanyika?" akauliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Na hotuba?"

"Na hotuba."

"Basi ni msiba," akasema, "ila marehemu anakula."

Aliajiriwa kuchota maji. Bustani wakati ule ilikuwa kipande cha udongo mwekundu kati ya boma na kijito, na ndani yake vijiti mia tatu ambavyo Bwana wa wakati ule aliviita miti. Mzee Pankrasi alipanda na kushuka na mitungi asubuhi na jioni, na watu wa kwao walipomuuliza Wazungu wamempa kazi gani, alijibu kwamba ameajiriwa kuogesha kuni. Leo kuni zile ni mikaratusi inayoonekana tangu Matogoro, na walioicheka kazi ile huja kuketi kwenye kivuli chake Jumapili, wakiwa wamevaa viatu.

Kila mti una kibao cha bati chenye namba na jina la Kilatini. Mzee hasomi. Yeye huujua mti kwa kutafuna jani lake, na katika miaka yote hiyo amekwama mara moja tu. Mwaka 1909 ulikuja mche katika sanduku, kibao kimepotea njiani. Bwana Rupert, Mjerumani aliye mkuu wa bustani tangu 1907, ambaye mjini anaitwa Bwana Majani na anajua kwamba anaitwa hivyo, akauliza, "Pankrasi, mti gani?" Mzee akatafuna. Akafikiri. Akatafuna tena. Ulimi ukafa ganzi kwa siku mbili, na mkewe, Mama Walburga, anazitaja siku zile mbili mpaka leo kama watu wengine wanavyotaja Pasaka. Bwana Rupert alifungua daftari akaandika: "Majani yana sumu kidogo."

Hicho ndicho kichekesho nilichoruhusiwa. Vingine vimejiandika vyenyewe.

Kuhusu vita vya Maji Maji sitaandika mengi. Wasifu huu utabandikwa ukutani, ukuta husomwa na wengi, na hapa Songea kila nyumba ina wake wa kumlilia. Nitasema ya bustani tu. Vita vilipofika huku, Septemba 1905, Bwana wa wakati ule alihamia ndani ya boma na magunia yake ya mbegu. Mzee alibaki na mitungi. Siku moja wapiganaji walimkuta kijitoni anachota, wakamzunguka.

"Wewe! Maji hayo ni ya dawa?"

"Ni ya kahawa," akajibu.

Walicheka mpaka mmoja akaegemea mkuki wake, kisha wakapita. Aliyeegemea mkuki alikuwa mdogo wake Mzee. Hakurudi. Na Februari iliyofuata, siku ile ya vitanzi bomani, ambayo hatuitaji bila kushusha sauti, hakuna mti hata mmoja uliomwagiliwa.

Kisha ikaja njaa, kwa kuwa mashamba yalikuwa yamechomwa. Katika bustani palikuwa na mihogo ya majaribio, aina sita, kila aina na kibao chake. Mzee Pankrasi aliing'oa yote. Mizizi aliwapa wenye watoto, vijiti aliwapa wenye nguvu ya kushika jembe. Mihogo mingi mnayoiona leo kuelekea Ruhuwiko, babu yake ni huyo. Bwana Rupert alipofika 1907 alikuta vibao sita vimesimama kwenye udongo mtupu, kama makaburi. Akauliza, kupitia mkalimani wa boma, mihogo iko wapi. Wenzake Mzee walimshauri aseme ni nguruwe pori. Yeye akasema, "Watu walikuwa na njaa, Bwana. Niliwapa." Bwana Rupert alivitazama vibao, akasema, "Vizuri umeniambia." Tangu siku ile wamefanya kazi pamoja kama jembe na mpini, ingawa hawajui lugha ya kutosha kugombana.

Hilo la lugha mlishike, maana ndipo nilipoingia mimi. Bwana Rupert anajua Kiswahili cha kazini: leta, chimba, maji, polepole, kesho. Mazungumzo yakizidi hapo anahitaji mtu. Mei 1912, masista walipomwambia kwamba kuna msichana mwenye mwandiko mzuri anayejua Kijerumani, nikaletwa. Hawakumwambia kwamba msichana huyo, akisemeshwa na mtu mzima, sauti yake haivuki meza.

Nilikuta Nyumba ya Makumbusho imekwishajaa. Wageni mnaotoka mbali, jina hilo ni la kwenye mlango tu. Mjini inaitwa Nyumba ya Wafu Waliosimama. Ndani mna ndege mia moja na arobaini, nyoka katika chupa, vipepeo kwenye pini, na wanyama waliokaushwa kwa mikono ya Mzee Pankrasi mwenyewe, wamejazwa nyasi kavu na kushonwa tumboni kwa mshono ambao fundi wa kanzu angeuonea wivu. Kasoro ni macho. Macho ya kioo huagizwa Ulaya, na mwaka ule yalikuja makasha mawili, yote ya paa. Ndiyo maana chui wetu ana macho ya paa, na anamtazama kila aingiaye kama mtu aliyekuja kuomba radhi.

Sasa twende Jumapili, kwa kuwa asiyewahi kutembezwa na Mzee Pankrasi Jumapili baada ya misa hajaijua kazi yake. Huanza na miti: gusa huu, nusa ule, huo mwacheni, mimi nilishautafuna kwa niaba yenu. Kisha hufungua mlango wa Nyumba, na hapo watu hawatazami tu kama Wazungu wanavyotazama. Sisi tuna koo, na koo nyingi zina mnyama wake, ambaye wenye ukoo hawamli na humheshimu kama mkubwa wa nyumbani. Kwa hiyo kila mtu humtafuta wa kwake amwamkie.

Mama Kunegunda, wa ukoo wa Komba, huenda moja kwa moja kwa komba wetu pale kwenye tawi. "Shikamoo, babu." Kisha hugeuka. "Pankrasi! Huyu amepanguswa lini? Mbona ana vumbi puani?"

"Nilimpangusa Ijumaa, mama."

"Ijumaa ipi? Ya Kwaresima iliyopita?"

Wa ukoo wa Tembo walilalamika kwamba wameletewa mguu mmoja tu, na mguu hauamkiwi. Wa ukoo wa Nyoni, ambao ndege wote ni wao, hutoka wamechoka: shikamoo mia moja na arobaini si mchezo. Na mzee mmoja wa ukoo wa Moyo, ambao hawali moyo wa mnyama yeyote, alitaka naye awekewe wake kwenye chupa. Mzee Pankrasi alimjibu, "Ndugu yangu, wako unao. Ujiamkie." Yote haya alikuwa akiyafanya kwa uso mkavu, mikono nyuma, na hakuna mgeni aliyetoka Nyumba ile akiwa amekasirika, isipokuwa wa ukoo wa Tembo, nao hurudi kila mwezi kuuliza kama mguu wa pili umefika.

Mwenye akili atauliza: na wa ukoo wa Nungu je? Mzee mwenyewe anamwamkia nani?

Hamwamkii yeyote. Kwenye rafu ya chini, kati ya namba arobaini na sita, kalunguyeye, na namba arobaini na nane, sungura, pana nafasi tupu yenye vumbi. Hapo ndipo uongo wangu ulipolala.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Bwana Rupert alikuwa anatunga kitabu cha wanyama wote wa wilaya ili akipeleke kwa wataalamu wa kwao, na alikuwa na hasira kwa kuwa mchwa walikuwa wamekula kurasa za herufi ya kwanza. Alifika namba arobaini na saba. Akaniambia nimuulize Mzee kwa nini hajaleta nungu, maana miaka yote ameleta kila mnyama isipokuwa huyo.

Nikauliza. Mzee Pankrasi akavua kofia, akajibu taratibu ili nisipoteze kitu:

"Mwambie Bwana hivi, mjukuu wangu. Nungu namjua. Tundu lake nalijua, na njia yake ya kwenda kunywa naijua. Lakini sisi ni watu wake. Siwezi kumuua, siwezi kumchuna, siwezi kumtia nyasi tumboni. Mwingine akimleta sitamzuia, nitatoka nje mpaka amalize. Namwomba aniachie huyo mmoja. Wengine wote nitamletea."

Maneno yake yote nilikuwa nayajua kwa Kijerumani. Hata kuchuna nilikuwa nalijua. Bwana Rupert alinitazama, kalamu juu, mguu unagonga sakafu. Nikaona kwamba maneno yale ni mengi, na mdomo wangu ni mdogo, na akicheka nitakufa pale pale nisimamishwe kati ya kalunguyeye na sungura. Nikasema kwa Kijerumani:

"Hakuna."

"Hakuna nungu? Wilaya nzima?"

"Wilaya nzima."

Akaandika kwa wino. Kisha akamgeukia Mzee, akamshika mkono, akasema, "Asante, Pankrasi. Asante sana." Hilo halikuhitaji mkalimani. Mzee alitoka nje macho yamemlowa. "Huyu ni mtu," akaniambia mlangoni. "Nimemwomba jambo la ukoo wangu, naye amenishika mkono."

Nilidhani yameishia hapo. Nilikuwa sijui kwamba nungu nao wana maoni. Wiki iliyofuata walianza kula viazi vitamu vya Bwana Rupert, na nungu akila huacha miiba kama mvuta tumbaku anavyoacha majivu. Nikawa naamka na jogoo, napita vijia vyote vya bustani kuokota miiba kabla Bwana hajatoka. Masista waliandika katika ripoti yangu kwamba nina bidii isiyo ya kawaida. Miiba yote nimeitia ndani ya mdomo wa mamba, rafu ya mlangoni, na Jumapili iliyopita mtoto mmoja alisema kwa sauti kwamba mamba ameota meno mapya.

Mzee hakuwa na la kuficha, kwa kuwa aliamini Bwana anajua. Akikuta mashimo kwenye matuta humwambia waziwazi, "Bwana, babu kapita tena kwenye viazi." Bwana Rupert, akidhani Mzee ana babu mkongwe anayependa kutembea, hujibu, "Babu? Vizuri. Msalimie." Na Mzee hutikisa kichwa kwa jinsi Mzungu huyu alivyo na adabu. Mara moja Bwana aliniuliza huyo babu ana umri gani. Nikasema ni wa zamani sana. Hapo sikudanganya.

Mwaka jana barua ikaja kutoka Ulaya. Wataalamu walikuwa wamesoma kitabu, na walishangazwa na kufurahishwa: wilaya isiyo na nungu! Waliomba sababu. Bwana Rupert alifikiri wiki tatu, akaamua kwamba ni udongo mwekundu. Nungu, akasema, haupendi kwa miguu yake. Kurasa kumi na moja. Mimi ndiye niliyezinakili kwa mwandiko wangu mzuri, na nje ya dirisha tuta la viazi lilikuwa limefukuliwa upya.

Tarehe 21 mwezi huu, Jumamosi, nilidhani nimekwisha. Alfani wa Mbesa, Myao mfanyabiashara wa nta anayepita hapa kila mwaka na kutaniana na Mzee kama ndugu waliokosana kwa urithi, aliingia Nyumba, akazunguka, akasimama penye nafasi tupu.

"Enyi Wangoni! Nungu yuko wapi? Au mmemla?"

"Myao akiona pengo anafikiri tumbo," Mzee akajibu. "Huyo ni mkubwa wetu. Haketi rafuni na mijusi."

"Wallahi kwetu tele! Njoo Mbesa nikupe gunia."

Bwana Rupert alikuwa mezani. Neno nungu alilijua. Akaniuliza mgeni amesema nini, nami nikatafsiri kipande kimoja tu, kilicho kweli: kwamba upande wa Tunduru nungu wapo tele. Nilingoja paa lianguke. Badala yake Bwana alisimama, akamkumbatia Alfani, akafunua ramani, na kwa penseli nyekundu akachora mstari kutoka kaskazini hadi mto Ruvuma. Mpaka wa nungu! Alfani alipotoka alinong'ona, "Binti, huyu bwana mzima?"

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka mamba ajae. Lakini wiki iliyopita yalitokea mawili.

La kwanza: Bwana Rupert alinipa barua niinakili, ya kwenda kwa mkuu wa boma, kumwombea Mzee kiwanja cha chini karibu na kijito, kile chenye nyumba ya matofali na mihogo, kiwe chake na cha watoto wake. Mkuu atatia sahihi kesho baada ya sherehe. Sababu iliyoandikwa ni moja: "Katika miaka saba mtu huyu hajanidanganya hata mara moja." Na Bwana Rupert, wote tunajua, ni mpole kwa kila kosa isipokuwa hilo. Egidi, mlinzi wa miche, alisema amemwagilia na hakumwagilia. Aliondoka jioni ileile, na miaka tisa ya kazi yake haikumsaidia.

La pili: siku iliyofuata Mzee Pankrasi alikuja kwenye meza yangu, amevaa kanzu ya sherehe ili niione.

"Mjukuu, Jumanne ijayo nitasema maneno mbele ya watu, nawe utayatia Kijerumani. Nitamshukuru Bwana kwa mengi, lakini kubwa ni la babu. Nitasema mbele ya wote: nungu wamejaa bustani hii, na Bwana huyu kwa heshima ya ukoo wangu hakuwagusa. Watu wa Nungu wote wanakuja. Walburga amepika pombe."

"Lazima ulitaje hilo, Mzee?" Sauti yangu ilivuka meza kidogo.

"Nisipolitaja hilo, nitaje nini? Maji?"

Basi ndivyo mambo yalivyo. Kesho Mzee atasema nungu wamejaa, mbele ya mtu aliyeandika kurasa kumi na moja kwamba hawapo. Nikitafsiri vile alivyosema, Bwana ataona kwamba Mzee alimdanganya miaka miwili kisha akamfanyia mzaha mbele ya mji, na kiwanja kitakwenda njia ya Egidi. Nikitafsiri vingine, nitakuwa nimemwibia Mzee shukrani yake mbele ya ukoo wake, akiwa amesimama pembeni yangu na kanzu mpya, ananiamini. Nimezungusha kichwani njia ya tatu tangu Jumatano. Nilifikiri kuugua. Nilipapasa paji la uso mara nyingi. Ni baridi kama la chura wa kwenye chupa.

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye wasifu, penye jina langu, ili pasiwe na wa kuuliza ni nani. Mzee Pankrasi hakudanganya. Aliulizwa, akajibu kweli tupu, kofia mkononi, na kweli yake ilifika kwangu ikaishia kwangu. Ardhi nyekundu haina kosa. Nungu wa Songea wapo, wana afya, na wanapenda viazi vitamu. Mstari mwekundu kwenye ramani ni wangu. Barua ya kurekebisha kwa wataalamu nitaiandika mimi, na kama mkuu wa bustani anataka mwandishi mwingine wa vibao, mwandiko wa yule mvulana Leo, wa darasa la tatu, ni mzuri, ila azuiwe kuchora maua kwenye herufi.

Kama Bwana Rupert ataijaza nafasi ya arobaini na saba kwa mkono wa mtu mwingine, hilo ni lake, na Mzee alishasema atatoka nje. Ninachoomba ni kwamba asikie kwanza maneno aliyoambiwa, maana hajawahi kuambiwa. Mtu aliyeweza kusema "Niliwapa" mbele ya vibao sita vitupu hakuwa na sababu ya kuogopa mnyama mmoja.

Mzee Pankrasi, bustani inakushukuru kwa kila mtungi. Mikaratusi inakushukuru, kahawa inakushukuru, komba anakushukuru ingawa ana vumbi puani, na chui anaendelea kuomba radhi. Walioshiba mihogo yako mwaka ule wa njaa watakuja kesho wenyewe kusema. Mungu akupe usingizi wa mtu asiyeamka kuchota maji, akupe wajukuu wa kweli wasio na siri kama mimi, na kijito kipite karibu na mlango wako ukikisikia tu, bila mtungi. Pumzika vyema, nasi tutakuja kukusumbua.

Tangu saa nane nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya mbao za kubania majani kila nikisikia mtu nje. Kwanza alikuwa mbuzi. Kisha Mwalimu Bartolomeo, aliyeuliza kama vichekesho vimebaki kimoja, nikamwambia karibu. Kisha mbuzi tena.

Sasa ni saa kumi, na zinakuja hatua za buti kwenye kokoto, na buti hapa ni za mtu mmoja tu. Upande wa pili nimeyaandika haya yote kwa Kijerumani, na juu kabisa yapo maneno ya Mzee niliyoyameza, yote, mpaka lile la kuchuna. Mkono wangu umekwenda tena kwenye mbao. Nimeurudisha. Anapangusa buti mlangoni. Naigeuza karatasi, Kijerumani juu, naisogeza upande wake wa meza.